Leta Mfuko Mzima

Mimi ni mfamasia. Nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa hapa Tanga kwa miaka mingi, na leo nimekuja studio na swali moja. Swali hilo aliniletea kijana mmoja, na tangu siku ile sijaacha kulifikiria. Nitalisimulia nikiwa nimebadili mambo mawili matatu ili mwenyewe asitambulike, lakini kiini chake ndicho hicho hicho.

Alikuja asubuhi, duka bado halijachangamka.

"Shikamoo, dokta."

"Marahaba, mwanangu."

Akaweka pakiti ya vidonge juu ya kioo cha kaunta, akaisukuma kwa kidole kama mtu asiyetaka kuishika. "Dokta, naomba uniambie ukweli. Hizi dawa alizoandikiwa mama, zinaua?"

Pakiti ilikuwa ya fluoksetini. Mama yake alikuwa ameandikiwa siku tisa nyuma kwa ajili ya sonona kali. Kijana alikuwa amesoma kwenye simu kwamba dawa za aina hii zina onyo rasmi, kwamba zinaweza kumletea mtu mawazo ya kujiua. Na mama, tangu aanze kuzimeza, badala ya kutulia alikuwa anatetemeka mikono, anatoka jasho hata alfajiri penye ubaridi, usiku halali, anazunguka chumbani. Kijana alikuwa na hofu ya kweli. Alichotaka kwangu ni ruhusa ya kuzitupa chooni.

Sikumpa ruhusa hiyo, wala sikumkemea. Nilimuuliza nyumbani ni wapi, akasema ni mtaa wa pili tu. Nikamwambia, "Mama anatakiwa aonwe na daktari leo hii, wala si kesho. Lakini kabla hamjaenda, pitieni hapa naye, na uje na kila dawa iliyomo ndani. Za hospitali, za dukani, za jirani, za mitishamba. Leta mfuko mzima."

Yaliyotoka kwenye mfuko ule nitakueleza mbele, msikilizaji. Kwanza tulikabili swali lenyewe, kwa sababu najua yuko mwingine anayelibeba jioni hii na hana wa kumuuliza.

Tuanze na ugonjwa. Mitaani kwetu maneno "msongo wa mawazo" tumeyabebesha mizigo mingi mno. Kodi ya nyumba imechelewa, msongo wa mawazo. Mchumba kaondoka, msongo wa mawazo. Sonona kali ni kitu kingine. Ni pale mtu anapopitisha majuma mawili na zaidi, kila siku, karibu siku nzima, moyo ukiwa umezimika. Chakula hakina ladha. Usingizi unakatika saa nane za usiku, naye anabaki akihesabu makosa ya maisha yake mpaka kunakucha. Maji ya kuoga yanakaa kwenye ndoo hadi jioni. Mjukuu anamrukia mapajani naye hasikii furaha yoyote, na kwa kutosikia huko anajiona mwovu. Ugonjwa ukizidi, anaweza kusikia sauti za kumlaumu ambazo wengine hawazisikii, au akaamini kabisa kwamba familia itapata nafuu yeye asipokuwepo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 300 wanaishi na sonona, na kuwa zaidi ya watu laki saba duniani hupoteza maisha kwa kujiua kila mwaka. Si kila mmoja wao alikuwa na sonona. Hata hivyo sonona kali ni mojawapo ya milango mikubwa ya msiba huo. Kwa hiyo anayeuliza kama dawa ni hatari, lazima aweke na upande wa pili wa mizani: hatari ya ugonjwa ukiachwa bila tiba. Mtu aliyeacha kula, aliyeacha kunywa maji, anayeongea habari za kuondoka duniani, huyo tayari yuko hatarini kabla hajameza kidonge chochote.

Sasa dawa. Dawa za kwanza za sonona hazikutafutwa. Ziliokotwa njiani. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View huko New York, madaktari walikuwa wakijaribu dawa mpya ya kifua kikuu iitwayo iproniazidi. Wakaona jambo la ajabu. Wagonjwa waliokuwa wamelala kwa unyonge walianza kuchangamka, wakala, wakacheka, na picha zilipigwa zikiwaonyesha wakicheza wodini. Ndugu ya dawa hiyo, isoniazidi, bado tunaitoa kila siku kwenye kliniki zetu za kifua kikuu. Miaka michache baadaye daktari Roland Kuhn, katika hospitali ya Münsterlingen nchini Uswisi, alikuwa akijaribu imipramini kwa wagonjwa wa akili wa aina nyingine. Ikamsaidia mgonjwa ambaye hakutarajiwa, yule wa sonona. Alichapisha habari hiyo mwaka 1957. Kutoka ukoo wa imipramini ikaja amitriptilini, ambayo iko kwenye rafu za karibu kila hospitali ya wilaya. Fluoksetini ilikuja nyuma sana, ikaidhinishwa Marekani mwishoni mwa mwaka 1987.

Kila dawa ilikuja na dosari yake, na dosari zenyewe hazikuonekana siku ya kwanza. Iproniazidi ilionekana inaharibu ini, ikaondolewa katika soko la Marekani mwaka 1961. Dawa nyingine za ukoo wake zikaendelea kutumika, na baadhi ya wagonjwa wakaanza kupatwa na maumivu makali ya kichwa ya ghafla na shinikizo la damu kupanda kiasi cha kupasua mishipa ya ubongo. Hakuna aliyejua kwa nini. Mwaka 1963 mfamasia mmoja wa hospitali huko Nottingham, Uingereza, alimwandikia barua daktari Barry Blackwell. Mke wa mfamasia huyo alikuwa anatumia dawa ya ukoo huo. Mara mbili alikuwa amepatwa na shambulio hilo, na mara zote mbili alikuwa ametoka kula jibini. Je, yawezekana ni jibini? Wazo hilo wengine walilipuuza, lakini Blackwell alilifuatilia, na ikathibitika. Jibini iliyokaa muda mrefu ina kemikali iitwayo tiramini, ambayo mwili wa kawaida huivunja, lakini mwili wa mtu aliyemeza dawa ile hushindwa kuivunja.

Mimi kama mfamasia napenda kisa hiki kwa sababu moja. Hatari hiyo haikugunduliwa na maabara. Iligunduliwa na mtu aliyekuwa nyumbani, aliyekuwa anamtazama mgonjwa wake anakula nini na baada ya hapo anakuwaje. Tangu hapo nimeamini kwamba usalama wa dawa za sonona unategemea sana macho ya watu wanaoishi na mgonjwa. Hilo ndilo neno langu la leo, na yote nitakayosema yanalizunguka.

Sasa lile onyo ambalo kijana alilisoma kwenye simu. Ni la kweli. Lilitolewa na mamlaka ya dawa ya Marekani mwezi Oktoba mwaka 2004. Walikuwa wamekusanya tafiti 24 za watoto na vijana, washiriki zaidi ya 4,400. Kati ya kila 100 waliopewa vidonge bandia visivyo na dawa, karibu wawili walipata mawazo au vitendo vya kutaka kujidhuru. Kati ya kila 100 waliopewa dawa halisi, karibu wanne. Katika tafiti zote hizo hakuna hata mtoto mmoja aliyekufa kwa kujiua. Lakini wawili kuwa wanne si jambo la kufumbia macho, na wenzetu hawakulifumbia. Wakaamuru onyo lichapwe ndani ya kisanduku cheusi kwenye maelezo ya dawa. Mwaka 2007 wakaliongeza lifike kwa vijana wa miaka 18 hadi 24.

Habari nyingi zinazosambaa zinaishia hapo. Sehemu ya pili haisomwi. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2009, uliokusanya tafiti 372 za watu wazima karibu laki moja, ulionyesha kwamba hatari hiyo inaongezeka kwa walio chini ya miaka 25. Kwa watu wa makamo haikuonekana kuongezeka. Kwa wazee wa miaka 65 na kuendelea, dawa zilionekana kuipunguza. Mama wa kijana wangu alikuwa na miaka 61. Onyo lililomtisha mwanawe liliandikwa kwanza kwa ajili ya mjukuu wake.

Kwa nini basi dawa ya kumtoa mtu gizani imsogeze kijana karibu na shimo? Madaktari wana maelezo kadhaa, nami nitakupa matatu. La kwanza, nguvu za mwili hurudi kabla ya matumaini. Mtu aliyekuwa hawezi hata kunyanyuka kitandani, siku ya kumi ananyanyuka, lakini moyoni bado ni usiku. La pili, kwa baadhi ya watu dawa huleta hali ya kutotulia, mwili unawaka, miguu haikai, akili inakimbia, na hali hiyo yenyewe ni mateso. La tatu, wengine walioonekana wana sonona kumbe wana ugonjwa wa hisia mbili, ule unaompandisha mtu kipindi kimoja na kumshusha kipindi kingine. Huyo akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kulipuka: halali siku tatu, anaongea bila kituo, anagawa pesa, anapanga safari za ajabu. Ndiyo maana daktari mzuri huuliza kabla ya kuandika: "Katika maisha yako kuna wakati uliwahi kuwa na nguvu kupita kiasi, usilale na usichoke?" Ndugu, kama unajua jibu la swali hilo na mgonjwa halisemi, liseme wewe.

Nitaeleza pia upande wa faida, maana mizani ina sahani mbili. Mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi wa tafiti 522 za dawa 21 za sonona, wagonjwa wazima 116,477. Dawa zote 21 zilishinda vidonge bandia, zingine kwa wingi, zingine kwa kidogo. Amitriptilini, hii hii ya bei ya chini, ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu zaidi. Fluoksetini ilikuwa miongoni mwa zile ambazo wagonjwa wachache zaidi waliziacha njiani. Uchambuzi mwingine mdogo wa mwaka 2010 uliuliza swali la maana sana: dawa zinamsaidia nani zaidi? Jibu lilikuwa kwamba kwa mwenye sonona hafifu tofauti ya dawa na kidonge bandia ni ndogo mno, na kwa mwenye sonona kali sana tofauti ni kubwa. Kwa hiyo mtu ambaye sonona yake ni nyepesi, mazungumzo na mshauri, mazoezi, na watu wa kumshika mkono vinaweza kumtosha. Lakini kwa mgonjwa aliye mahututi wa moyo, ambaye ndugu zake ndio wanaoiogopa dawa zaidi, huyo ndiye ambaye dawa inamfaa zaidi.

Tuzungumzie dawa hizi mbili, maana ndizo utakazokutana nazo.

Amitriptilini wengi mnaijua kwa jina jingine: kidonge cha usingizi, au kidonge cha ganzi za miguu. Ni kweli, kwa kiasi kidogo tunaitoa kwa maumivu ya mishipa ya fahamu. Kwa sonona kiasi huwa kikubwa zaidi, na hapo inahitaji heshima. Inakausha mdomo, inafunga choo, inamtia mtu usingizi, na akisimama ghafla kichwa kinazunguka. Kwa mzee, kuzunguka huko ni nyonga iliyovunjika. Kwa mwenye tezi dume inaweza kuziba mkojo. Kwa mwenye maradhi ya moyo inaweza kuvuruga mapigo. Na ikimezwa kupita kiasi, kwa makusudi au mtoto akiiokota, inaua kwa kuushambulia moyo. Nalisema hili waziwazi ili ujue kwa nini daktari anayemhofia mgonjwa wake huandika vidonge vya wiki moja tu, halafu anamwambia arudi. Ndugu hulalamika, "Mbona wanatusumbua na nauli?" Hawakusumbui. Shirika la Afya Duniani lenyewe linashauri hivyo pale penye hofu ya mtu kujidhuru. Zile dawa chache ni sehemu ya tiba.

Fluoksetini ni salama zaidi mtu akizidisha kiasi, lakini nayo ina yake. Siku za mwanzo huleta kichefuchefu, kichwa kuuma, usingizi kupaa, na wasiwasi kuzidi kidogo. Mengi ya hayo hupungua baada ya wiki moja au mbili. Kwa wazee inaweza kushusha chumvi ya damu, mtu akaanza kuchanganyikiwa. Inaweza kupunguza hamu na uwezo wa tendo la ndoa, na hili nalitaja kwa sababu wanaume na wanawake huacha dawa kimya kimya kwa ajili yake, wasimwambie daktari wala mwenza. Liseme. Linarekebishika, kwa kubadili kiasi au kubadili dawa.

Na zote mbili zinachelewa. Panadoli unameza saa mbili na saa tatu kichwa kimetulia. Dawa ya sonona huhitaji wiki mbili hadi nne ndipo moyo uanze kunyanyuka, na mara nyingi wiki sita kabla hujasema imefanya kazi au haikufanya. Angalia basi mpangilio wake: maudhi yanakuja wiki ya kwanza, faida inakuja wiki ya nne. Katikati hapo kuna daraja refu. Wengi huanguka darajani, na wengi walioanguka walikuwa wanavuka peke yao.

Sasa turudi kwa mfuko.

Kijana alirudi na mama yake baada ya nusu saa. Nilimsalimu mama, nikampa kiti. Mfuko nikaumimina juu ya kaunta. Kulikuwa na fluoksetini. Kulikuwa na dawa ya presha. Kulikuwa na chupa ya mitishamba isiyo na lebo. Na kulikuwa na pakiti mbili za tramadoli, moja tupu na moja nusu. Mama alikuwa na magoti mabovu. Duka moja la dawa lilikuwa likimuuzia tramadoli bila cheti, naye alikuwa akimeza tatu kwa siku, siku nyingine nne. Hospitalini hakuitaja. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu kwa upole kabisa, "Waliniuliza habari za mawazo, mwanangu. Hawakuniuliza habari za magoti."

Msikilizaji, fluoksetini na tramadoli zote zinagusa kemikali moja ya ubongo iitwayo serotonini. Kila moja kwa mahali pake ni dawa. Zikikutana, serotonini inaweza kuzidi mno: mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unaenda mbio, mtu hatulii. Ikiwa kali zaidi huja homa, misuli kukakamaa, degedege, na kifo. Na tramadoli yenyewe, ikiwa pamoja na dawa za sonona, huongeza uwezekano wa kifafa. Mama yule alikuwa ameingia ngazi ya kwanza ya shimo hilo. Walikwenda hospitali saa ile ile, na karatasi niliyoandika majina ya dawa zote. Daktari alisimamisha dawa zote mbili, akamlaza apate kumtazama, akampa tiba nyingine ya magoti, na baada ya siku chache hali ilipotulia akamrudishia fluoksetini. Mtetemeko haukurudi.

Kwa hiyo jibu la swali la kijana, zinaua? Dawa ile peke yake haikuwa ikimuua mama. Ilikuwa inagombana na dawa nyingine ambayo hakuna aliyeiulizia. Na hapa lazima nikiri kwa niaba ya wenye taaluma yangu: aliyeuza tramadoli bila cheti alikosea, na sisi tunaotoa dawa za sonona bila kuuliza "na nyingine unatumia zipi?" tunakosea vilevile. Swali hilo huchukua dakika moja.

Orodha ya zisizopatana haiishii kwenye tramadoli. Diklofenaki na aspirini pamoja na fluoksetini huongeza uwezekano wa kutokwa damu tumboni. Pombe huzidisha usingizi na huzidisha huzuni yenyewe. Linezolidi, inayotibu kifua kikuu sugu, inaweza kugombana na fluoksetini kwa njia ile ile ya tramadoli. Na fluoksetini hukaa mwilini kwa majuma kadhaa hata baada ya kuachwa. Kwa hiyo ukiulizwa hospitalini unatumia dawa gani, taja na ile uliyoiacha mwezi uliopita.

Liko pia suala la kuacha. Mgonjwa anapata nafuu mwezi wa pili, anasema nimepona, anaacha. Au dawa zimekwisha kituoni, anaacha. Au ameambiwa kwamba kuendelea kumeza ni kukosa imani. Kuacha ghafla, hasa kwa dawa zinazotoka mwilini haraka, huleta kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto mbaya, na mshtuko kichwani kama wa umeme. Mtu akiyapata hayo hudhani amekuwa mraibu wa dawa za kulevya. Hapana. Dawa hizi hazileti uchu, na hakuna anayeongeza dozi kila mwezi ili alewe. Mwili tu umezizoea, na unataka kuagwa taratibu, kwa kupunguza kidogo kidogo chini ya usimamizi. Ushauri wa kimataifa ni kuendelea kwa miezi 9 hadi 12 baada ya nafuu kufika, maana sonona inayokatishwa tiba mapema hurudi. Na kwa ndugu zangu wenye dini, nikiwemo mimi: dua haigombani na dawa. Muombee mgonjwa huku umemshikia bilauri ya maji amalizie kidonge.

Liko jambo moja zito zaidi. Ili dawa iwe salama, mgonjwa lazima aweze kusema, "Nawaza kufa." Asiposema, daktari anaandika vidonge vya miezi mitatu kwa mtu aliyepaswa kupewa vya wiki. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini atasemaje, pale sheria inapomwambia kuwa ni mhalifu? Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa ni kosa. Kenya nao walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, hadi tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ya Nairobi ilipotamka kwamba kinakwenda kinyume cha Katiba. Nasema kama mtoa dawa: mtu aliyefika ukingoni anahitaji kitanda cha hospitali. Hofu ya polisi haijawahi kumponya mtu sonona. Inamfundisha tu kunyamaza, na mgonjwa anayenyamaza ndiye ambaye dawa yake ina hatari kubwa zaidi.

Na nyumbani je? Watu wengi huogopa kuuliza, wakidhani ukimtajia mtu kifo utampandia wazo. Tafiti haziungi mkono hofu hiyo. Kuuliza kwa upole humpa mtu pumzi. Kaa naye mahali patulivu, umwambie, "Mama, naona siku hizi umechoka sana. Kuna wakati unatamani usiwepo?" Kisha nyamaza, usikilize. Usimhubirie, usimwambie ajikaze, usimlinganishe na jirani mwenye shida kubwa kuliko yake. Akikujibu ndiyo, usimwache peke yake. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Hospitali za mikoa zina watu wa afya ya akili, na palipozidi wapo Mirembe kule Dodoma, Muhimbili kule Dar es Salaam, na hapa kwetu Tanga wapo Lutindi, kwenye milima ya Korogwe, wanaowauguza wagonjwa wa akili tangu zama za Wajerumani.

Kwa wiki sita za mwanzo, mgonjwa wa sonona kali awe na mtu wake. Mtu huyo ashike pakiti, atoe kidonge kwa wakati, azifungie zilizobaki mbali na watoto na mbali na mgonjwa mwenyewe. Kila wiki aulize lile swali. Mgonjwa akiwa ni kijana chini ya miaka 25, aulize mara nyingi zaidi, na mtoto chini ya miaka 12 asianzishiwe dawa hizi kwa makisio ya dukani. Akiona kutotulia kupya, kukosa usingizi kwa siku kadhaa huku mtu ana nguvu za ajabu, homa na mtetemeko, au mgonjwa anaanza kugawa vitu vyake na kuaga watu, asingoje tarehe ya kliniki. Waende siku hiyo. Na dawa ikikuletea jambo usilolielewa, mwambie mfamasia ajaze fomu ya kuripoti madhara ya dawa, iende kwenye Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Barua moja kutoka Nottingham iliokoa maisha ya watu wengi. Fomu yako inaweza kufanya hivyo pia.

Mama wa kijana alipita dukani kwangu wiki ya saba. Alinunua mafuta ya kuchua magoti. Wakati namrudishia chenji akasema, "Jana nimepika mwenyewe." Hakusema zaidi. Anayeijua sonona anajua uzito wa maneno hayo.

Msikilizaji, kama kwenu kuna mtu anayetumia dawa hizi, usizitupe kwa kusoma onyo nusu, na usimwachie pakiti akajitibu peke yake. Usiku huu kabla hujalala, mketi pamoja. Muulize anajisikiaje, umuulize na lile swali gumu. Kisha kusanya dawa zote zilizomo ndani, za hospitali, za dukani, za jirani, za mitishamba, uzitie kwenye mfuko mmoja. Kesho asubuhi mpelekee daktari wake au mfamasia aliye karibu nawe. Leta mfuko mzima.